Kona ya Kungwi

Lenzi yenyewe ilikuwa fupi na nene, kioo chake cha mbele kimetuna kama jicho la chura. Aliyeniachia alikuwa Mgoa mmoja mwenye studio mjini, niliyemfanyia kazi ya kupaka rangi picha tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Siku zile picha zilitoka nyeusi na nyeupe, na mteja aliyetaka midomo yake iwe myekundu au gauni lake liwe la bluu aliletwa kwangu, nikakaa na brashi nyembamba nikamtendea haki. Nasema bila haya: mjini hapakuwa na mtu aliyepaka shavu likaonekana shavu kunishinda. Kutoka kwenye brashi nikaingia chumba cha giza kujifunza kusafisha filamu, na kutoka huko nikashika kamera. Mzee yule alipoamua kuwafuata watoto wake ng'ambo, alinikabidhi kamera moja, flashi moja ya betri, na lenzi hiyo. Akanionya kwamba ile ni lenzi ya majengo, si ya watu. Yeye aliipigia kumbi za benki na hoteli, mchana kweupe, madirisha yote yakiwa wazi. Nikamshukuru, nikaiviringisha kwenye kipande cha kanga, nikaenda nayo kwetu Temeke.

Mie nilijua pa kuipeleka. Lenzi ya kawaida, ukisimama mlangoni mwa chumba cha nyumba zetu, hukupa kitanda na nusu ya mtu. Hii ilikupa kitanda, kuta mbili, boriti za juu, na vidole vyako mwenyewe vya miguu usipoangalia. Na kazi yangu ilikuwa vyumbani. Wapiga picha wengine wote wa Temeke walikuwa wanaume, hodari wa kupiga vibarazani, viwanja vya mikutano na picha za kadi za chama. Harusini walimpiga bwana harusi na kanzu yake, wakala pilau, wakaondoka wakidhani wamepiga harusi. Harusi ilikuwa ndani, na ndani hawakuruhusiwa kukanyaga. Mie niliruhusiwa. Ndiyo maana kibanda changu, chenye pazia lililochorwa minazi na maji, hakikukosa wateja hata siku ambazo karatasi za picha zilikuwa adimu kama sukari.

Sasa mama yangu alikuwa kungwi. Kwa asiyejua, kungwi ndiye mwanamke anayemfunda mwali kabla hajaolewa: humweka ndani, akamfundisha nyumba, mume, na yeye mwenyewe mwali, mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Wake za watu wengi wa Temeke walipita mikononi mwa mama yangu, na wengine hadi walipokuwa bibi walipiga magoti kumsalimia njiani. Mtu mzito kiasi hicho, na hakuwa na picha hata moja.

Jambo hili liliniuma kuliko nilivyotaka kuonyesha. Baba alikufa kabla sijashika kamera, na sura yake ninayo vipande vipande: masharubu, kovu la kidevuni, namna alivyokunja shingo akisikiliza redio. Vipande hivyo nikivijumlisha havileti mtu. Nikaapa kwamba mama hataniponyoka namna hiyo. Nilimwalika studio mara nyingi. Nikamshonea gauni, nikamwandalia kiti cha mkono, nikamwambia atakaa dakika moja tu.

"Mie sipigwi picha nimekaa kitini kama mgeni," alinijibu. "Ukinitaka, nipige nilipo. Na nilipo unapajua."

Nilipajua. Kungwi hukaa chini, juu ya mkeka, kwenye kona ya mwisho ya chumba, nyuma ya mwali kidogo, mgongo ukutani. Hapo humwona mwali, humwona kila anayeingia, na hakuna anayempita mgongoni. Wanawake wengine hukaa kuzunguka kuta. Katikati ni pa mwali peke yake. Huwezi kumwambia kungwi asogee kidogo mwangani. Kungwi hasogei kwa ajili ya mgeni, na kwa mama kamera ilikuwa mgeni.

Basi nikaona jibu ninalo kwenye kipande cha kanga. Ilipotokea harusi ya Mtoni, ambako mama alikuwa kungwi na mie nimeitwa kupiga, nikafunga lenzi ile pana, nikachomeka flashi juu ya kamera, nikarudi nyuma hadi mlangoni. Chumba chote kikaingia kwenye kioo. Mama nilimwona konani kwake, mdogo lakini kamili. Nikapiga. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Chumba changu cha giza kilikuwa bafu la uani, nimeziba matundu kwa magunia. Nilipoitumbukiza karatasi kwenye dawa, wa kwanza kujitokeza haukuwa uso wa mtu. Ulikuwa weusi, umetanda kuzunguka pande zote. Katikati alikuja mwali, mweupe kama aliyemwagiwa unga. Waliokaa karibu yake walionekana nusu nusu. Walioegemea kuta walikuwa vivuli, na kwenye kona ya mama hapakuwa na kitu kabisa. Kutafuta mtu pale ni sawa na kutafuta kunguru kwenye gunia la mkaa.

Kosa nililielewa palepale, na likanikera zaidi kwa kuwa lilikuwa wazi. Flashi imetengenezwa kwa lenzi ya kawaida. Mwanga wake hutoka umebanwa, humulika kile ambacho lenzi ya kawaida ingekiona, basi. Mie nikaiwekea lenzi inayoona chumba kizima. Lenzi inatazama ukumbi, flashi inamulika mkeka.

Nikampelekea mama hivyohivyo, kwa sababu aliniulizia. Akaigeuza picha upande huu na ule.

"Kungwi wako yuko wapi?"

Nikamwonyesha weusi kwa kidole.

"Basi nimetoka vizuri," akasema, akanirudishia.

Akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la kanga. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba kuna mpiga picha anayejua kupiga giza. Wanawake walinipitia kisimani wakaniuliza usiku wa kuamkia leo nilipiga picha ngapi. Mie ni mtu wa hasira, sijifichi. Niliwajibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini kilichonikaa rohoni si utani wao. Ni kwamba mama alinirudishia picha ile kwa mkono mwepesi, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba kazi yangu haifiki alipo yeye.

Tangu siku ile nikawa na ugomvi na kona za vyumba. Chumbani kwangu nilipanga masufuria kwenye kuta, moja kila pembe, na moja katikati kuwa mwali, nikawa nayapiga picha. Kwanza niliifunika flashi kwa leso nyeupe. Mwanga ulisambaa kweli, sufuria za pembeni zikaanza kuonekana, lakini ulikuwa mwanga mchovu, umefika ukutani hauna nguvu hata ya kusema hodi. Nikajaribu karatasi ya wachora ramani, ile inayopenya mwanga. Nikajaribu kifuniko cheupe cha mkebe wa plastiki, nikakikata kikakaa sawasawa kwenye uso wa flashi. Hicho kilinifurahisha, na kwa vyumba vidogo bado nakisifu. Lakini chumba kikizidi ukubwa wa kitanda na mkeka, kona zilirudia giza lake. Betri nazo zilikuwa za kubembeleza. Dukani hazipatikani, nikawa nazianika juani sambamba na dagaa ili zijikongoje siku moja zaidi. Jirani yangu aliapa kwamba nimerogwa na masufuria.

Jibu lilinijia uani, sina kazi, nimekaa. Mwenye nyumba alikuwa ameanika mashuka meupe kwenye kamba, jua limeyapiga. Upande wa pili, kivulini, mwanamke alikuwa akimsuka mwenzake. Nikamtazama usoni yule anayesukwa. Yuko kivulini, jua halimgusi, na uso wake una mwanga shavu hili na shavu lile, mpaka chini ya kidevu, bila doa la kivuli. Jua lilikuwa limeyapiga mashuka, na mashuka yakampiga yeye. Nilisimama nikaacha chai yangu. Kumbe flashi haikupasa kuwatazama watu. Itazame nguo nyeupe, nguo nyeupe ndiyo iwatazame watu.

Wazungu na vitabu vyao huugeuzia mwanga kwenye dari. Sawa, wao wana dari. Mie nilikuwa na makuti yaliyokolea moshi tangu enzi za Mwingereza, ambayo ukiyamulika hayakurudishii chochote. Dari ilinibidi kuitengeneza.

Haukupita muda mrefu mama akatangaza kwamba anaacha ukungwi. Magoti yalikuwa yamegoma. Kukaa chini aliweza, kuinuka aliinuliwa. Alikuwa na mwali mmoja wa mwisho, binti wa familia ya Kizaramo Kinondoni, mjukuu wa rafiki yake. Akimaliza huyo, kazi anampa mwanamke mwingine aliyekuwa akimfuata miaka mingi. Nikaelewa maana yake. Picha ya mama mahali pake, kama alivyoitaka mwenyewe, ilikuwa imebakiwa na chumba kimoja. Baada ya hapo angekuwa bibi kizee wa kibarazani, na mahali pake pangekuwa na mtu mwingine.

Siku ya siku nikabeba kamera, miguu yake mitatu, flashi, betri zilizoiva jua, na jora la bafta nyeupe mpya. Nyumba ilikuwa ya udongo, makuti juu, chumba kimejaa wanawake mpaka uvunguni. Mama alikuwa ameshakaa konani. Nikafungua bafta yangu niitandaze juu, na palepale vigelegele vikakatika. Shangazi wa mwali akanishika mkono akaniuliza, kwa sauti ya chini, nimekuja kuoza au kuzika. Bafta nyeupe isiyokatwa, juu ya kichwa cha mwali! Mimi mtoto wa kungwi, nimelewa hesabu za mwanga mpaka nimesahau kwamba kitambaa kile kwetu ndicho sanda. Nikakikunja haraka, nikakisukumia uvunguni, nikasikia masikio yananiwaka. Jicho la mama nililiona.

Aliyeniokoa alikuwa mwanamke jirani, wa Kinyamwezi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani hahitaji mwaliko wala ruhusa. Harusini huingia, hutukana, hubeba kisichobebeka, na haudhiki mtu. Huyu alisikia mambo kutoka ukumbini, akaenda kwake, akarudi na shuka jeupe la kitandani lililodariziwa maua mekundu kwenye pindo. Hakuna maiti anayezikwa na maua mekundu. Shangazi akatikisa kichwa kukubali.

Likabaki la nani atalishika. Ukutani pale usingepigilia msumari ukakaa. Upande wa mwali wote walitaka kuwamo pichani. Upande wa bwana harusi walikuwapo wachache, lakini walisema waziwazi kwamba hawakuja kushikilia shuka la watu. Yule Mnyamwezi akaita wanawake wenzake, wakapanda juu ya vigoda nyuma yangu, mlangoni, wakalivuta shuka likawa dari iliyoinamia chumba.

"Wazaramo bwana," akasema huko juu, "hata mwanga mnabebewa."

Chumba kizima kikacheka, na kicheko kile kilimaliza habari ya sanda.

Nikaiweka kamera kwenye miguu yake, chini, karibu na kizingiti. Flashi nikaichomoa nikaishika mkononi, uso wake nikaugeuzia nyuma, kwenye shuka. Tatizo lililobaki nililijua: nguo hula mwanga, na mmuliko mmoja usingetosha kufika ukutani. Nilikuwa nimekata shauri nifanye hivi. Dirisha lifungwe, mlango uzibwe kwa kanga, kandili lizimwe, chumba kiwe giza. Nifungue lenzi niiache wazi. Nimulike shuka, nisubiri flashi ijaze pumzi yake, nimulike tena, na tena, mpaka kona zishibe. Lakini katikati ya mmuliko na mmuliko mtu asitikisike, maana atakayegeuka atatoka na pua mbili.

Nikaeleza. Wakanisikiliza kwa heshima, na nilipomaliza tu wakaanza kujitengeneza kanga, kuitana, kubadilishana nafasi. Wanawake wa Kinondoni waliovaa vizuri, giza, na shuka juu ya kichwa, utawatulizaje? Nikapaza sauti, haikusaidia.

Hapo mama akanyanyua mkono. Aliunyanyua tu, kiganja kikitazama mbele, kama alivyomfanyia kila mwali wake.

"Mwali nimemfundisha kutulia," akasema. "Na nyie nilishawafundisha wengi wenu. Mmesahau?"

Kimya kikaingia. Wengi mle ndani kweli walikuwa wali wake wa zamani, na miili yao ilimkumbuka kabla vichwa havijamkumbuka. Nikazima kandili. Nikafungua lenzi. Nikamulika, na kwa kufumba na kufumbua nikawaona wote, kuta zote, kona zote, halafu giza. Flashi ikawa inalia ule mluzi wake mwembamba ikijijaza. Hakuna aliyekohoa. Nikamulika tena. Watani huko juu nao walikuwa wametulia, hata wao. Mie moyo ulikuwa unanipiga kiasi kwamba niliogopa utaitikisa kamera. Nilipofunga lenzi nikasema tayari, vigelegele vilivyopigwa vilisikika mtaa wa tatu.

Filamu ile niliisafisha mwenyewe, peke yangu, mlango nimeufunga kwa kitasa. Niliitumbukiza karatasi kwenye dawa nikasubiri. Mwali akaja, lakini safari hii si mweupe wa unga. Alikuwa na rangi yake, kope zimeinama. Kisha wakaja wa kando, kisha wa kuta, kila mtu na uso wake, maua ya kanga yakihesabika. Wawili watatu walikuwa na pua mbili, na wanastahili. Na kwenye kona, mgongo ukutani, akaja mama yangu. Hakuitazama kamera. Alikuwa anamtazama mwali, na mkono wake umenyanyuka palepale alipounyanyulia. Katika mimuliko yote ile mkono haukuwa umetikisika hata unywele. Ulikuwa mkali kuliko kitu chochote kwenye picha. Nililia, na sijui kwa nini niseme vingine. Nililia na nikajisifu kwa sauti, humo bafuni.

Ndipo nikaona kikapu.

Kungwi ana kikapu. Ndani yake mna vitu vya kufundishia, ambavyo hurithishwa, na mwanamume havioni tangu azaliwe hadi azikwe. Vilivyomo sitavitaja. Kama ulifundwa unavijua, na kama ni mwanamume hayakuhusu, endelea na picha za vibarazani. Kikapu kile hufunikwa kila mlango unapofunguliwa. Na kwenye picha yangu kilikuwa kando ya goti la mama, wazi, kila kilichomo kinaonekana, mwanga umekifikia vizuri kabisa.

Nilimpelekea mama mapema asubuhi. Alishika picha kwa mikono miwili akaitazama muda mrefu. Alipitisha kidole ukutani, uso baada ya uso, akiwataja wali aliowafunda na mwaka wa mavuno au wa njaa aliowafundia. Kidole kikafika kwake. Kisha kikateremka kwenye kikapu kikasimama.

Nikamwuliza kwa nini hakukifunika, yeye ambaye aliwahi kumfukuza ndani dada yangu kwa kuchelewesha kifuniko. Akaniambia pale ndani walikuwa wote wanawake waliofundwa, na alikuwa katikati ya kazi. Kuhusu kamera hakuwa na wasiwasi.

"Si wewe mwenyewe ulinionyesha kwamba haifiki huku?"

Alikuwa ameiamini picha yangu ya kwanza. Aliamini kona yake ina giza, na kwa imani hiyo akakiacha wazi.

Picha ya harusi haiwi ya mtu mmoja. Ingeenda kwa mume, ingewekwa kwenye fremu sebuleni, wakwe wangeipitisha mkono kwa mkono. Nikamwambia mama asihofu, dawa ninayo. Naweza kuisafisha upya nikaiunguza kona kwa mwanga hadi iwe nyeusi. Akaniuliza kama na yeye atakuwa mweusi. Nikakiri kwamba ndiyo, naye atapotea. Nikasema basi iko njia ya pili, mie fundi wa brashi, kikapu naweza kukipaka peke yake kikawa mto, kikawa sinia la kahawa, kikawa chochote anachotaka, na mtu asijue.

Mama alinitazama kama nilivyowahi kumwona akimtazama mwali aliyekosea mara ya pili.

"Na mie nitakuwa nimekaa na nini?" akasema. "Kungwi bila kikapu ni bibi kizee tu amekaa chini. Giza umenitoa, usinirudishe. Kiache."

Basi kikaachwa, na picha ikaachwa ndani. Wakwe niliwapa picha ya mwali akiwa kibarazani na mumewe, nzuri tu, na wakaridhika, maana hawakujua wanachokosa. Lakini wanawake walijua. Waliokuwamo chumbani walikuja kwetu mmoja mmoja, wakafungiwa mlango, wakaiona, wakajitafuta ukutani wakajikuta. Shangazi yule wa sanda alikaa nayo hadi adhana ya adhuhuri. Wenye pua mbili walinitaka niwapunguzie moja, nikakataa.

Habari njema haikai. Akaja bwana mmoja kutoka ofisi ya utamaduni, suti ya kola inayobana shingo, amesikia kwa mkewe kwamba Temeke kuna mwanamke amepiga picha ambayo hata wapiga picha wa magazeti hawajaona mfano wake. Walikuwa wanakusanya picha za wanawake wa Ujamaa kwa maonyesho. Alinibembeleza sana. Alisema nchi inawahitaji mafundi kama mimi waonekane, na jina langu litaandikwa chini yake. Sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani hicho. Wale wanaume wenzangu wa vibarazani wangepita mbele yake na mikono nyuma, wakijiuliza mwanga ule nimeupata wapi! Nikamwambia mke wake amekosea, picha hiyo haipo. Nikampa ya wanawake wa shamba la ushirika wakipalilia, akashukuru, ikatundikwa, na jina langu likaandikwa chini yake. Nilikwenda kuiangalia. Ni picha ya kawaida.

Siku mama alipokabidhi kazi, mwanamke aliyemrithi alipiga magoti mbele yake. Mama alivitoa vitu vya kikapu kimoja kimoja akavirudisha, kama alivyofanyiwa yeye. Mwisho akaichukua picha, iliyoviringishwa kwenye kitambaa, akailaza chini kabisa, vitu vingine vikawa juu yake. Akasema na hii wali wataonyeshwa, wajue kutulia kukoje. Kisha akaninyooshea mkono bila kunitazama. Nilijua anachotaka. Nikatoa kipande cha filamu nilichokisafishia ile picha, nikampa, nacho kikaingia kikapuni. Kitu kinachoweza kuzaa nakala hakiwezi kukaa studio ambako wanaume wanaingia na kutoka.

Mama amekufa miaka mingi sasa. Kaka zangu walipotaka picha yake ya kuweka sebuleni, tulitafutana macho, dada na mimi, tukasema mama hakupenda kupigwa. Bado wananilaumu. Mpiga picha mzima, wanasema, mama yako mzazi amekufa huna hata kipande. Nawaacha waseme.

Juzi juzi alikuja studio bwana mmoja kijana na mkewe, wa kutoka Goba, kupiga picha za vitambulisho. Bado wana harufu ya harusi, hina haijatoka mikononi mwa binti. Sikuwajua, wala binti hakuwahi kuniona. Nilimkalisha, nikamrekebisha bega, nikamwambia atulie. Alitulia kwa namna ambayo ilinifanya niache kamera nimtazame. Mumewe alikuwa mlangoni anachezea simu.

"Shikamoo, bibi," binti akasema taratibu, ingawa tulikuwa tumeshasalimiana. "Nimemwona mama yako."

Nikamwuliza amemwonaje.

"Vizuri, bibi. Mpaka mkono."

Mumewe akanyanyua kichwa, akauliza mama gani huyo, wamekutana wapi. Binti akanyoosha shingo, akatazama mbele, na mie nikarudi nyuma ya kamera.